Bibi Harusi wa Mtu wa Ng'ambo

*Kamati ya Eisteddfod ya Cwm Helyg inawatangazia wote watakaohudhuria mashindano ya ushairi na uimbaji ya mwaka huu kwamba miavuli itafungwa muda wote hukumu za waamuzi zinaposomwa, hata mahali ambapo hema linavuja. Atakayekaidi atatajwa kwa jina. Kwa amri: Amos Treharne, Katibu.*

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo ya mlango wa hema, na kabla watu hawajaanza kuingia mvua ya Agosti ilikuwa imekwisha kulifuta, ikibakiza jina la Katibu peke yake. Mared Bevan alilitazama kwa muda mrefu bila kulisoma. Kisha akazunguka nyuma ya hema, kwenye uwazi mwembamba kati ya turubai na ukuta wa mawe, akasimama pale huku akiivuta glavu yake ya mkono wa kushoto kama mtu anayetaka kuivua na asithubutu.

Gethin Puw alifika akihema. Alikuwa na harufu ya sufu mbichi na sabuni, harufu ambayo hakuna koti la Jumapili lililoweza kuifunika, kwa kuwa siku sita za juma alifanya kazi katika kiwanda cha kusafishia sufu upande wa pili wa mto. Mashairi yake yalichapishwa magazetini, kwa kawaida chini ya bei za kondoo. Mara mbili alikuwa ameshindania kiti cha ushairi, tuzo ya mshindi, katika miji mingine, na mara mbili waamuzi walisema kwamba vina vyake havina kasoro na huzuni yake imezidi kiasi.

"Umechelewa," Mared akasema.

"Nimezungukia darajani. Mawe ya kuvukia yamefunikwa na maji."

"Wengine wangeogelea."

"Wangefika wamelowa chapachapa, halafu baba'ako angesema ndiyo sasa wamebatizwa."

Mared hakucheka. Jambo hilo halikuwa la kuchekwa katika bonde lile. Baba yake, Mchungaji Hosea Bevan, alikuwa Mbatisti. Gethin alikuwa Mmethodisti, aliyenyunyiziwa matone machache ya maji kichwani kabla hajaota jino. Alipokwenda kuposa majira ya kuchipua, Mchungaji alimpa kiti na chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu bila hasira yoyote: "Kijana, wewe hujabatizwa. Wewe uliloweshwa tu." Hakuna mtu wa Cwm Helyg aliyeliona jibu hilo kuwa la ajabu. Hata Gethin hakuliona hivyo; alikunywa chai yake, akashukuru, akaondoka.

"Gethin, nikuulize kitu. Leo utasimama?"

"Nisimame kwa lipi? Hata sijui kama nimeshinda."

"Umeshinda."

Akamtazama. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye ukingo wa turubai na kupita kati yao kama pazia la uzi mwembamba.

"Nani kakuambia? Mwamuzi haruhusiwi kutoa siri."

"Mwamuzi analala nyumbani kwetu, Gethin. Ni baba yangu. Wiki nzima anazunguka jikoni akilighani shairi la mtu anayejiita Mtu wa Ng'ambo. Amenisomea shingo yangu mimi mwenyewe nikiwa namenya viazi. Akaniambia niache kelele za kisu, nisikilize, nijifunze."

Rangi ikamtoka Gethin usoni. "Basi amejua."

"Hajajua kitu. Anadhani ni Kanisa."

"Anadhani nini?"

"Kamati ilitoa mada gani? Bibi Harusi. Sasa mchungaji akisikia Bibi Harusi anamfikiria nani, mimi? Anasema tangu azaliwe hajaona mtu akiieleza ndoa ya Kanisa na Bwana wake kwa undani namna ile. Mama alipomuuliza mbona Kanisa lina nywele nyekundu, akasema hiyo ni damu ya mashahidi."

Polepole mabega ya Gethin yakashuka, na uso wake ukapata utulivu ambao Mared aliuona na kuuchukia papo hapo.

"Basi tumepona," akasema. "Mared, tumepona! Nitasimama, nitapewa kiti, nami nitakuwa mtu mbele ya watu. Halafu nije tena kwenu. Atamkataaje mtu aliyempa kiti kwa mkono wake mwenyewe?"

"Utakuja kuposa nani? Kanisa?"

"Usinielewe vibaya..."

"Nakuelewa vizuri sana. Ulikaa kwenye lile jiwe la ng'ambo miaka miwili unaniangalia nikichota maji. Ukaniandika mwili mzima, mpaka kovu langu ambalo hata mama mzazi huwa halitaji. Sasa umesikia baba kanifuta, kaweka kitu kingine mahali pangu, na wewe unashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa."

"Nifanye nini basi? Nikisema ni wewe, kiti nimekosa, na wewe nimekukosa."

"Na ukinyamaza?"

Mared akaisogelea ile mistari ya maji mpaka ikaanza kumdondokea kwenye ukingo wa kofia.

"Amos Treharne anataka jibu la posa yake Jumapili. Baba yuko tayari. Nilikuwa nimejipanga kukataa. Ila sikiliza, Gethin: Treharne ni mzee, anauza mbegu, akizungumza utafikiri anasoma lebo ya gunia. Lakini alikuja mlangoni kwetu akataja jina lake na jina langu, na wote waliokuwepo wakasikia. Sitamkataa mtu wa namna hiyo kwa ajili ya mtu anayenipenda kwa jina la kupanga."

Akaondoka kabla hajaona kwamba mkono wa Gethin ulikuwa umenyooshwa ukavuka pazia la maji na kubaki hapo, wazi, ukilowana bure.

Ndani ya hema watu walikaa wamebanana, mvuke ukipanda kutoka kwenye mashali ya sufu. Jukwaani kulikuwa na kinubi kilichofunikwa kwa blanketi na, mbele yake, kiti chenyewe: cha mwaloni, mgongo mrefu, kimechongwa majani ya helyg, yaani mwerebi, mti ambao bonde limepewa jina lake. Mared aliketi benchi la tatu kando ya mama yake, Bibi Catrin, mwanamke aliyezoea kuona kila kitu na kusema nusu yake.

Utaratibu ulijulikana na wote. Kila mshindani huleta shairi lake chini ya jina la kupanga. Mwamuzi husoma hukumu, hulitaja jina la mshindi, na mwenye jina hilo husimama mahali alipo, katikati ya watu, ndipo dunia ijue ni nani. Asiposimama mtu baada ya tarumbeta tatu, kiti hurudi stoo.

Mchungaji Hosea Bevan alipanda jukwaani. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeupe na sauti ambayo ilikuwa imewazamisha mtoni watu wengi na kuwatoa wakiwa hai. Aliyamaliza mashairi ya walioshindwa haraka na bila huruma. Kisha akakunjua karatasi za mwisho, na sauti yake ikabadilika.

"Sasa namfikia Mtu wa Ng'ambo. Jina lenyewe ni la Ibrahimu, aliyetoka ng'ambo ya mto. Sikilizeni ubeti huu."

*Alisimama langoni, ndoo imejaa maji,*
*Kovu lake mkononi, lang'ara mithili taji,*
*Nami nabaki ng'amboni, mgeni asiye mji,*
*Neno limo kifuani, ulimi haulitaji.*

Mared aliuweka mkono wa kushoto chini ya shali.

"Lango," akasema Mchungaji, "ni lile lembamba. Kovu ni jeraha la Msalaba, ambalo Kanisa hulibeba kwa heshima. Ng'ambo ni upotevu wetu. Na ndoo, ndugu zangu! Iangalieni ndoo. Imejaa. Mshairi hakusema ina maji kidogo. Hakusema ina matone. Ndoo imejaa, kwa sababu ubatizo wa kweli ni wa kuzamishwa. Mtu aliyeandika mstari huu simjui, lakini imani yake naijua."

Wabatisti wakaitika amina. Wamethodisti waliokaa upande wa kulia waliangalia viatu vyao.

"Mared," mama yake akanong'ona bila kugeuza shingo, "lile lango la shairi lina bawaba moja kama letu?"

"Mama, nyamaza."

"Nauliza tu. Maana Kanisa ninalolijua mimi halijawahi kuungua mkono kwenye tanuri la mkate likiwa na miaka tisa."

"Mama, nakuomba."

"Ni nani? Ni yule mtoto wa Puw? Yule wa sufu?" Akasikiliza beti mbili zaidi, uso wake haukubadilika hata kidogo. "Ee Mungu. Shingo yote kaiweka. Baba'ako anaisoma kwa sauti mbele ya watu mia nne."

"Naisikia."

"Uso wako umekuwa mwekundu kama nyanya. Watu wataona." Na Bibi Catrin, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuvunja kanuni ya kamati yoyote, akafungua mwavuli wake mweusi na kuuinamisha mbele ya binti yake.

"Bibi Catrin Bevan," sauti ya Katibu ikatoka kando ya jukwaa. "Mwavuli."

"Panavuja, Bwana Treharne."

"Hata panapovuja, Bibi."

Mwavuli ukafungwa. Mchungaji alikuwa amesubiri kwa subira, kisha akainua uso. "Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kiti ni cha Mtu wa Ng'ambo. Kama yumo humu, na asimame."

Tarumbeta ikalia. Hakuna aliyesimama. Mamia ya vichwa vikageuka huku na huku, benchi kwa benchi. Mared peke yake hakugeuka. Alijua Gethin hukaa wapi kila anapoingia mahali penye watu: nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyepita njia.

Tarumbeta ikalia mara ya pili. Mtu mmoja akakohoa. Bwana Treharne alianza kukunja karatasi zake.

Ilipolia mara ya tatu, benchi la nyuma lilitoa mlio wa mbao, na Mared akafumba macho. Akasikia minong'ono ikianza mlangoni na kuja mbele: *Puw. Ni Gethin Puw. Wa kiwandani. Mmethodisti?* Alipofumbua macho Gethin alikuwa akipita kandokando ya benchi lake, kati ya wazee wawili waliomshika mikono kama desturi inavyotaka. Hakumtazama. Pembeni ya shingo yake mshipa ulikuwa unapiga kwa nguvu, na Mared, aliyekuwa na hasira naye, alitamani kuuwekea kidole ili utulie.

Wakamsimamisha mbele ya kiti. Msimamizi wa sherehe alikuwa na mafua, kwa hiyo upanga mkubwa, ambao chini yake watu huulizwa mara tatu kama kuna amani kabla mshindi hajaketi, ulishikwa na Katibu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Amos Treharne, aliyefiwa na mkewe, mfanyabiashara wa mbegu, mtu aliyezamishwa mtoni mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza kiwiko kimoja kilibaki juu ya maji, aliunyanyua upanga ule juu ya kichwa cha Gethin Puw na kuuchomoa nusu kutoka alani.

"Je, kuna amani?" akauliza, kama mshika upanga anavyopaswa kuuliza.

"Amani!" hema likajibu.

"Je, kuna amani?"

"Amani!"

Wakati huo Mchungaji Bevan alikuwa hamwangalii tena mshairi. Alikuwa ameteremsha macho kwenye karatasi iliyokuwa bado mkononi mwake. Alisoma kitu pale, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akainua kichwa taratibu sana, akaliangalia benchi la tatu, akaangalia shali la binti yake na mahali mkono ulipofichwa.

"Je, kuna amani?"

"Ama—"

"Hapana," akasema Mchungaji.

Hakusema kwa kelele. Lakini ilikuwa sauti ileile ya mtoni, na watu waliokuwa wamefungua vinywa walivifunga. Upanga ukabaki nusu ndani, nusu nje. Desturi haikuwa na maelekezo ya mahali hapo.

"Bwana Puw. Nitakuuliza swali moja, nawe ujibu mbele ya watu hawa. Bibi Harusi aliyeandikwa humu ni nani?" Kisha sauti yake ikawa karibu ya kusihi. "Fikiri vizuri, kijana. Mimi nimekwisha kusema ni Kanisa. Ukisema ni Kanisa, umekaa kwenye kiti hiki, na hakuna atakayekuuliza tena."

Gethin aliutazama mwaloni. Ulikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuugusa bila kunyoosha mkono. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na tangu utotoni hakuna kitu kingine alichokuwa amekitaka kabla hajaona ndoo ile langoni.

Ndipo kwenye benchi la tatu Mared akavua glavu. Aliivuta kidole kwa kidole, bila haraka, akaiweka kwenye magoti ya mama yake. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mgongo wa benchi la mbele, wazi, kovu likiwa juu, na kumtazama Gethin moja kwa moja. Hakukuwa na maombi katika macho yale. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anavyosubiri aone iwapo mlango utafunguliwa au ajiendee zake.

Gethin alimtazama. Ule utulivu wa nyuma ya hema haukuwepo tena usoni mwake, na Mared akampenda kwa kuukosa.

"Sijawahi kuliona Kanisa likibeba ndoo, Mchungaji," akasema. "Ni Mared. Binti yako, Mared Bevan. Kila mstari."

Kelele iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko mvua. Wamethodisti walikuwa wamesimama. Mbatisti mmoja alitaka kujua kama shingo ni halali katika mashairi. Katikati ya hayo Mchungaji aliteremka ngazi za jukwaa, akaenda mpaka benchi la tatu, akasimama mbele ya binti yake.

"Ulikuwa unamenya viazi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nikasoma yote. Mpaka mwisho. Nawe ukanyamaza."

"Uliniambia nisikilize."

Mchungaji aliutazama ule mkono. Siku ile ya tanuri ni yeye aliyembeba mpaka kijitoni na kuutumbukiza mkono majini, akiushikilia humo mpaka kilio kikaisha. Hakuwahi kulitaja kovu lile tangu hapo. Mtu mwingine, akiwa ng'ambo, ndiye aliyeliita taji.

"Hosea," Bibi Catrin akasema kwa upole, "keti kidogo."

"Ni shairi zuri," akamjibu mkewe, bila kuketi. "Hilo ndilo linaloniuma, Catrin. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Halina."

"Basi mruhusu aje nyumbani, baba," Mared akasema.

"Hajabatizwa."

"Ndoo ilikuwa imejaa. Umesema mwenyewe."

Mzee alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza ambayo binti yake aliweza kuikumbuka, alikifunga bila kutoa andiko lolote. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akageuka, akarudi jukwaani kuungana na kamati, iliyokuwa imejitenga nyuma ya kinubi na kuongea kwa minong'ono mikali. Mared akainuka akamfuata, akapanda ngazi zilezile mbele ya watu wote, akasimama kando ya Gethin. Kiti kilikuwa kati yao. Hakuna aliyekikalia. Gethin aliweka mkono juu ya egemeo la kulia, Mared juu ya egemeo la kushoto, na kwa kuwa kiti kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, umbali kati ya mikono yao haukuwa mkubwa.

"Bado una hasira?" Gethin akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sana. Ulikawia."

"Nilisimama."

"Tarumbeta ya tatu, Gethin."

"Jumapili utamjibu nini Treharne?"

Mared hakupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu kamati ilikuwa imerudi. Amos Treharne alikuja mbele na karatasi. Alikuwa amepauka, na hakumwangalia mtu yeyote aliyesimama karibu na kiti kile. Alisoma kama alivyosoma kila kitu maishani, bila kuruka neno.

"Kamati imekutana na imeazimia kama ifuatavyo. Kwamba hukumu ya Mchungaji Hosea Bevan, ikiwa imekwisha kutamkwa mbele ya hadhara, haiwezi kutenguliwa. Kwa hiyo shairi lililoshinda ni shairi linalohusu Kanisa. Kwamba Bwana Gethin Puw, kwa kukiri kwake mwenyewe, ameandika shairi linalomhusu Mared Bevan, na shairi la namna hiyo halikupokewa na kamati hii. Kwamba mshindi, kwa hiyo, bado hajapatikana, na anaombwa ajitokeze popote alipo. Kiti kitatunzwa stoo mpaka atakapokuja kukidai. Kwamba mambo ya posa hayamo katika mamlaka ya kamati, na yanarudishwa kwa wahusika kama yalivyokuja. Kwamba amani, iliyokosekana katika kuulizwa kwa mara ya tatu, itaulizwa tena mwakani." Akageuza karatasi, akaangalia kama kuna kitu nyuma, kisha akamalizia. "Miavuli sasa inaweza kufunguliwa."